Akili Haikuumbwa kwa Mtu Mmoja

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akimfuata mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Alikuwa ametoka London, ambako alifanya kazi na daktari John Bowlby, mtu aliyekuwa akijiuliza kwa nini mtoto aliyetenganishwa na mama yake anadhoofika hata akilishwa na kuvishwa vizuri. Huku Uganda Ainsworth alipata mkalimani, akaanza kuzitembelea nyumba za Waganda katika vijiji vya karibu na mji. Familia 26, watoto 28. Kila baada ya wiki mbili hivi alikaribishwa sebuleni, akakaa kama saa mbili, akatazama, akauliza, akaandika. Baadhi ya familia alizifuatilia hadi miezi tisa.

Alikuja na swali la kuachisha ziwa: mtoto akikatazwa titi, na pengine kupelekwa kwa bibi, je, kile kinachomfunga kwa mama yake hukatika? Alichokiona kilikuwa kikubwa kuliko swali lake. Mtoto anatambaa kutoka mapajani mwa mama, anafika mlangoni, anageuka kumtazama, anarudi kumgusa goti, kisha anakwenda mbali kuliko mwanzo. Anathubutu kwa sababu mama yupo palepale. Aliona pia kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa wa akina mama walioweza kumsimulia mambo madogo madogo ya mtoto: analala vipi, anakasirishwa na nini, ni nani akimbeba hanyamazi. Baadaye Ainsworth alihamia Baltimore, Marekani, akabuni kipimo kinachofundishwa leo katika vyuo vya saikolojia duniani kote. Msingi wake ulikuwa umeshajengwa huku, katika sebule za Waganda, na kazi hiyo aliichapisha mwaka 1967.

Ningependa kila Mganda, Mtoro, Mkonzo na Mnubi anayesoma saikolojia alijue hili siku ya kwanza darasani. Tulifundishwa elimu hii kana kwamba yote imetoka ng'ambo.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nilikulia Kasese, ambako migodi ya shaba ya Kilembe ilikusanya wanaume wa makabila mengi, Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kisha ya mtaa, kisha ya nyumbani kwetu. Lugha hiyo ndiyo iliyonipeleka Rwamwanja, wilaya ya Kamwenge, kwenye makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa tena mwaka 2012 wakati Wakongo wa Kivu ya Kaskazini walipokuwa wakivuka mpaka kwa maelfu. Wagonjwa wangu wengi hunisemesha kwa Kiswahili cha Masisi na Rutshuru, nami nawajibu kwa cha Kasese.

Swali wanaloniuliza zaidi halihusu dawa. Wanauliza kwa nini. Kwa nini moyo unadunda usiku wakati vita tumeviacha ng'ambo ya mpaka? Kwa nini sina nguvu hata ya kwenda kuchota maji, na vipimo vyote vya damu vimetoka vizuri? Chuoni nilipewa majina ya magonjwa, na majina yana kazi yake, lakini ukimwambia mtu jina la ugonjwa wake hujamjibu kwa nini. Sehemu kubwa ya jibu niliipata kwenye elimu ya mageuko ya viumbe, yaani jinsi miili na akili za viumbe zilivyobadilika polepole kizazi hadi kizazi, na nimeandika makala hii kwa sababu elimu hiyo haijaandikwa vya kutosha kwa lugha yetu, na pale inapotajwa watu huiona kama vita dhidi ya dini. Mimi ni mtu wa kusali. Sioni kwamba Mungu anapungukiwa na kitu akiwa aliuumba mwili wangu polepole.

Hoja ya Bowlby ilikuwa hii. Mtoto wa binadamu huzaliwa hajiwezi kabisa, na hubaki hajiwezi kwa miaka. Kwa sehemu kubwa mno ya historia yetu tuliishi mahali penye chui na fisi. Mtoto aliyekaa kimya mama alipoondoka hakufika mbali. Aliyelia, aliyeng'ang'ania nguo, aliyemfuata mama kwa macho, ndiye aliyekua akazaa, na sisi ni uzao wake. Kwa hiyo kilio cha mtoto anayeachwa si deko, wala si tabia mbaya ya kuondolewa kwa kiboko. Ni ulinzi wa zamani kuliko nyumba na moto. Na ulinzi huo haufi mtu akiota ndevu. Mtu mzima aliyepoteza watu wake analia kwa mitambo ileile aliyozaliwa nayo.

Tena si mama peke yake. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadza, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wakaona bibi wazee wakichimba mizizi saa nyingi kwa siku na kuwalisha wajukuu. Kutokana na hapo wakatoa hoja kwamba binadamu mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu bibi aliokoa maisha ya wajukuu. Mama sokwe humlea mwanawe karibu peke yake. Sisi tulilelewa na kundi: bibi, shangazi, dada mkubwa, jirani. Nani Uganda anahitaji kuthibitishiwa hilo? Ukimwi ulipotambuliwa Rakai mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukafagia akina baba na akina mama, waliobaki na watoto ni akina jjajja, yaani mababu na mabibi. Taifa zima liliinuliwa na migongo ya wazee wale.

Kiumbe aliyeumbwa hivi, ambaye hawezi kukua, kula wala kulea bila wenzake, hana budi kuwa na akili inayopima mahusiano kila saa. Nani yuko nami? Nani amenikasirikia? Nikianguka, nani atanibeba? Akili hiyo ikiumia, itaumia hapohapo.

Barabara ya kutoka Fort Portal kwenda Kamwenge inapita katikati ya msitu wa Kibale. Watalii hushukia Kanyanchu kwenda kuwatazama sokwe, sisi wengine tunapita na teksi. Ndani ya msitu huo, sehemu inayoitwa Ngogo, watafiti wamelifuata kundi moja la sokwe tangu 1995. Kundi hilo lilikua likafikia karibu sokwe 200, kubwa kuliko yote yanayojulikana. Kisha likagawanyika. Madume waliokuwa wakikaa pamoja, wakisafishana manyoya na kulinda mpaka mmoja, wakawa pande mbili, na upande mmoja ukaanza kuwaua wa upande wa pili. Nilipowasimulia habari hii akina mama wa kikundi changu, hakuna aliyeshangaa. Mmoja alisema tu, "Basi hata wao." Yeye alikimbizwa na watu waliokuwa wakiazimana chumvi na mama yake.

Sokwe anayetengwa na kundi lake hana maisha marefu, na mababu zetu walikuwa vivyo hivyo. Ndiyo maana kukataliwa kunauma mwilini, kifuani na tumboni, hata pale ambapo hakuna aliyekugusa. Mtu anapokuja kwangu akisema anahisi kufa kwa sababu ndoa imevunjika au kanisa limemtenga, sitaki mfanyakazi mwenzangu amwambie kwamba anakuza mambo. Kwa maelfu ya vizazi, kuachwa kulikuwa kufa kweli.

Msitu wa Budongo, kaskazini zaidi, karibu na Masindi, umetufundisha upande wa pili wa habari hiyo. Huko watafiti huamka kabla ya alfajiri, huwasubiri sokwe chini ya viota vyao, na sokwe akikojoa wao hunyonya mkojo kutoka kwenye majani kwa mrija mdogo wa plastiki, kisha huupima maabara. Ni kazi isiyo na heshima machoni pa mtu asiyeielewa, lakini ilileta jambo zuri mno. Mwaka 2013 Catherine Crockford na wenzake walionyesha kwamba sokwe akisafishana manyoya na mwenzake wa karibu, homoni ya oksitosini, ile inayohusiana na kushikamana, hupanda mwilini mwake, iwe mwenzake huyo ni ndugu wa damu au si ndugu. Akisafishwa na asiye rafiki, haipandi vile. Mwaka 2016 timu hiyohiyo ikaonyesha kwamba sokwe anapokuwa na mwenzake wa karibu, homoni za msongo hupungua, wakati wa hatari kama wa kukutana na kundi adui na hata katika siku za kawaida. Urafiki, kwa hiyo, unapimika kwenye mkojo.

Nilikuwa na mama mmoja aliyekaa kimya tangu alipofika makazini. Alihudhuria kikundi, akakaa kwenye mkeka pembeni, akajifunika kitenge hadi kichwani. Siku moja mwenzake kutoka Rutshuru, mwanamke wa maneno mengi, alihamia nyuma yake bila kuomba ruhusa, akamvua kile kitenge, akaanza kufumua misuko ya zamani iliyokuwa imeshikamana kama sponji. Alitumia njiti ya mwavuli uliovunjika. Alifumua msuko mmoja mmoja, akipaka mafuta kidogo, akiwasema watu wa jumuiya nzima huku na huku, nani kauza mahindi ya msaada, nani kaoa tena. Mazungumzo niliyokuwa nimeyaandaa yalipita bila kuzungumzwa. Yule mama alifumba macho. Baada ya muda mrefu akasema, akiwa bado amefumba, kwamba dada yake ndiye aliyekuwa akimsuka. Hilo ndilo sentensi la kwanza nililolisikia kutoka kwake, na la pili lilikuwa jina la dada huyo.

Sikumwandikia dawa siku hiyo. Sidai kwamba kusukwa kunatibu kila kitu. Nadai kwamba mwili wake ulipokea kitu unachokijua tangu kabla hatujawa watu.

Sasa wasiwasi. Daktari wa akili Randolph Nesse wa Marekani, ambaye pamoja na mwanabiolojia George Williams walisimamisha elimu hii ya kuyatazama magonjwa kwa jicho la mageuko mwanzoni mwa miaka ya 1990, ana hoja ambayo naitumia karibu kila siku. Fikiria mbwa wa boma. Akibwekea vivuli usiku mzima, mnakosa usingizi. Akinyamaza usiku mmoja tu mwizi anapokuja, mnapoteza kila kitu. Mwenye boma mwenye akili atamfuga mbwa anayebweka kupita kiasi. Hofu yetu iliteuliwa kwa hesabu hiyohiyo: hofu ya bure inagharimu kidogo, kukosa hofu siku moja kunagharimu uhai. Kwa hiyo mwili wenye afya kamili utaogopa mara nyingi bila sababu. Na mwili uliokwisha kuvamiwa kweli, hupunguza zaidi kiwango cha kinachotosha kuuamsha.

Mama wa Masisi anayeamka kila boda boda inapopita usiku hana akili mbovu. Ana ulinzi uliojifunza somo moja vizuri mno, na sasa haupati usiku hata mmoja wa kulisahau. Ninapomweleza hivyo kabla ya kumfundisha mazoezi ya pumzi au kuzungumzia vidonge, mara nyingi mabega yake hushuka palepale. Alikuwa akidhani anaelekea kuwa mwehu. "Dada, mimi si mwehu?" Hapana, mama. Si mwehu.

Sonona ni ngumu zaidi. Mwaka 1967 daktari John Price wa Uingereza aliandika katika jarida la Lancet kwamba huenda huzuni nzito inahusiana na cheo ndani ya kundi. Mnyama aliyeshindwa akiendelea kutunisha kifua atauawa. Anayeinamisha kichwa, akaacha kula mbele ya mkubwa, akajiweka pembeni, huachwa aishi. Price alifikiri sonona ni kujisalimisha kwa aina hiyo, kunakotokea bila mtu kuamua. Sikubali kwamba hoja hii inaeleza sonona yote. Kuna huzuni za kufiwa, kuna za baada ya kujifungua, kuna zinazotoka kwenye ugonjwa wa tezi ya shingo. Lakini nimemwona mzee aliyekuwa na ng'ombe Masisi, mzee ambaye neno lake lilimaliza ugomvi wa mashamba, akiwa amesimama kwenye foleni ya mahindi na maharagwe, akisubiri jina lake lisomwe na kijana wa umri wa mjukuu wake. Jina likasomwa vibaya. Hakusahihisha. Alipokea, akaangalia chini, akaondoka. Ukitaka kumwelewa mzee huyo kwa kuhesabu tu saa alizolala na kilo alizopungua, umekosa kumwona.

Hapa lazima niwe mkali kidogo, kwa sababu elimu hii ina walevi wake. Wapo wanaosema kwamba kila ugonjwa wa akili ni faida iliyojificha, kwamba skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, ni kipawa cha waganga wa kale, kwamba tukiacha dawa tukarudi vijijini tutapona. Nawapinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 20 wanaishi na skizofrenia. Kwa wastani wana watoto wachache kuliko ndugu zao, kwa hiyo kama ingekuwa kipawa, mageuko yangekuwa yamekilipa kwa namna ya ajabu. Uchunguzi mkubwa wa jeni, yaani vinasaba tunavyorithi, uliochapishwa 2022 ulipata maeneo 287 kwenye jeni zetu yanayohusiana na ugonjwa huu, karibu yote yakiwa na nguvu ndogo ndogo. Kwa ufahamu wangu hiyo ndiyo picha ya kweli: ubongo wa kijamii kama wetu unajengwa na jeni nyingi mno, na kitu kinachojengwa na jeni nyingi kina mahali pengi pa kuharibikia. Uteuzi wa asili hauwezi kuyafagia makosa yote, na mapya huzaliwa kila kizazi.

Nje kidogo ya makazi nilipelekwa kwenye nyumba ya udongo iliyokuwa na kijana wa miaka ishirini na kitu aliyefungwa mguu kwa mnyororo kwenye nguzo. Kufuli lilikuwa la kawaida, la mlango. Mama yake alikuwa ameuzungushia mnyororo kipande cha kitenge ili chuma kisimkate ngozi, na kitenge kile kilikuwa safi. Alikuwa akikifua. "Nikimfungua anakimbilia barabarani, kwenye malori," aliniambia, na sikuwa na neno la kumhukumu nalo. Kijana alikuwa akisikia sauti zikimwamuru. Alichohitaji kwanza hakikuwa kikundi wala mazungumzo. Alihitaji dawa, na alipoanza sindano ya kila mwezi sauti zilipungua, mnyororo ukatoka. Mwezi ambao sindano hazikufika wilayani, sauti zilirudi. Mtu asije akanieleza mbele ya mama yule kwamba dawa ni mpango wa wazungu.

Hata hivyo jamii haikai nje ya ugonjwa huo pia. Uchunguzi wa Sweden uliotolewa 2016 ulilinganisha wakimbizi na wahamiaji wengine waliotoka sehemu zilezile za dunia, ukakuta uwezekano wa wakimbizi kupata skizofrenia na magonjwa ya akili yanayofanana nayo ulikuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 66. Jeni ni zilezile za kanda zilezile. Kilichotofautiana ni walichopitia. Watafiti Jean-Paul Selten na Elizabeth Cantor-Graae walikuwa wameshatoa hoja kwamba kushindwa na kutengwa kwa muda mrefu, kuwa mtu wa nje kila mahali, kunaweza kuusukuma ubongo uliokuwa tayari dhaifu. Nikiangalia orodha ya wagonjwa wangu, sioni sababu ya kuwabishia.

Na vipi wale wanaomtenga mgonjwa? Mageuko yanagusa hapo pia, na hapa ndipo yanaponiuma. Julai 2018, katika kundi la Sonso huko Budongo, watafiti walimwona sokwe mchanga mwenye ualbino, wa kwanza kuonekana porini. Wenzake walipiga kelele za kuonya, zile wanazopiga wanapoona kitu cha hatari. Baadaye walimuua. Miaka mingi kabla, mwaka 1966 huko Gombe, ugonjwa wa kupooza ulipowapata sokwe, Jane Goodall aliona wenzao wakiwaogopa na kuwakwepa waliokuwa wakijikokota. Mtafiti Mark Schaller na wengine wanaeleza kwamba viumbe vya kijamii vina kinga ya tabia: mwili usio wa kawaida, mwendo usio wa kawaida, huamsha karaha kabla ya fikra, kwa sababu zamani ungeweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kuambukiza. Kinga hiyo haibagui. Inamkwepa mwenye kifafa, mwenye ualbino, anayesema peke yake njiani, na hakuna hata mmoja kati yao anayeambukiza.

Kueleza chanzo cha jambo si kulihalalisha. Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu Uganda ina historia na watu wenye ualbino na wenye kifafa ambayo haihitaji kupewa kisingizio cha sayansi. Faida ya kujua ni ndogo lakini ni ya kweli: ninapoingia kijijini sianzi kwa kuwaambia watu kwamba wana roho mbaya. Nakula na mgonjwa sahani moja mbele yao. Karaha haijibiwi na hotuba. Inapungua kwa mazoea.

Kulikuwa na wakati ambapo hata haya yasingezungumzwa. Daktari J. C. Carothers, aliyefanya kazi Kenya, aliiandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kazi iliyodai kwamba Mwafrika ni nadra kupata sonona kwa sababu akili yake haikukomaa vya kutosha kubeba majuto. Madaktari walisoma hayo wakaamini. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya kupima watu wa vijiji viwili vya Uganda kwa kipimo kilekile kilichotumika kwa wanawake wa London, wakakuta sonona vijijini kwetu ilikuwa nyingi kuliko kule. Tulikuwa tukiumia muda wote. Hakuna aliyekuwa akituuliza. Hoja ya mageuko, ikishikwa vizuri, inamfuta Carothers kabisa, kwa sababu inasema kwamba huzuni, woga na kushikamana ni urithi wa binadamu wote, wa kale kuliko kabila lolote.

Jaribio la kutibu sonona ninalolipenda kuliko yote lilifanyika Masaka na Rakai, katika nchi ileile iliyoachiwa jjajja na yatima. Paul Bolton na wenzake walichukua vijiji 30, wakachapisha matokeo 2003. Watu wa kawaida wa huko, wasio madaktari, walifunzwa kuongoza vikundi, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Hawakugawa dawa. Walizungumzia mambo machache tu: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, na mabadiliko makubwa ya maisha. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na sonona. Baadaye ilikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, ilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo kwa dunia nzima.

Tazama tena mambo yale. Yote ni habari ya mtu na watu wake. Kikundi hakikuongeza kitu kigeni kwenye maisha ya wanakijiji wale. Kiliwarudishia idadi ndogo ya watu wanaojua jina lako na kuuliza ulikuwa wapi wiki iliyopita. Binafsi naamini hicho ndicho kilichotibu, kuliko maneno yaliyosemwa.

Ndiyo maana ninakasirishwa na jinsi tunavyopanga huduma. Tunamchukua mtu ambaye ugonjwa wake ni kukatwa kutoka kwa wenzake, tunamkata zaidi. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani, mgonjwa mwenye fujo aliwekwa peke yake kwenye chumba chenye sakafu ya saruji, ndugu zake wakabaki nje ya geti wameshika chakula kinachopoa. Niliambiwa ni kwa usalama. Wakati mwingine usalama ni hoja ya kweli. Lakini bibi yake alikuwa palepale getini, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akisikilizwa na kijana yule alipokuwa mzima.

Mwenzangu mmoja hunibishia kwamba haya yote hayabadilishi chochote, kwani mwisho wa siku nitaandika dawa zilezile. Dawa ni zilezile, ni kweli. Kilichobadilika ni maswali ninayouliza kabla ya kuziandika. Ulikuwa ukila na nani kabla ya vita, na sasa unakula na nani? Nani anakusuka? Neno lako lilisikilizwa wapi mara ya mwisho? Karatasi ya kumruhusu mgonjwa kurudi nyumbani ina nafasi ya jina la dawa, kipimo na tarehe ya kurudi, haina nafasi ya majina ya watu. Nimeomba iongezwe mistari mitatu, nikajibiwa kwamba fomu huchapwa Kampala. Kwa sasa mimi na wenzangu tunayaandika nyuma ya karatasi kwa kalamu: nani analala naye nyumba moja, nani atamkumbusha sindano, kikundi gani kitamsubiri Alhamisi.